Kidole Nilichokiacha Kwenye Raba za Sare

Mguu wangu wa kulia una vidole vinne. Naanza na hilo kwa sababu watu wakikutana nami hunitazama usoni, halafu macho yao yanashuka taratibu mpaka chini, na wanaona haya kuuliza. Kile kidogo cha pembeni kilikatwa mwezi wa nne, masika yakiwa yamepamba moto, na kilichokiua ni raba. Sukari ilikuwapo, ndiyo, lakini sukari peke yake haikunikata kidole. Ilisaidiwa na raba ya kike, ya pinki, soli nyeupe, namba thelathini na tisa.

Naandika sasa kidonda kimefunga. Najua kuna mwanamke ambaye wiki hii ameambiwa ana kisukari, akaambiwa akafanye mazoezi, na Jumamosi atakwenda kununua raba. Namwandikia huyo. Sitamweleza kongosho linafanyaje kazi. Ataelezwa na waliolisomea. Nitamweleza niliyoyaona, kwa mpangilio wa yalivyotokea, maana mimi ni karani wa masijala na maisha yangu yote ya kazi nimepanga karatasi za watu kwa tarehe. Majina nimeyabadilisha. Hasira nimeiacha kama ilivyo.

Ilianza Januari, kwenye lile joto la Kibaha ambalo hata kuku wanahema. Kiu yangu ilikuwa haikatiki. Nikiwa ofisini nilikwenda chooni mpaka mlinzi akanitania, "Mama Rehema, choo hicho umekipangisha?" Nilipungua mwili, na watu wakanipongeza. Hilo nalikumbuka kwa uchungu, jinsi nilivyopongezwa.

Nilikwenda kituo kimoja cha afya, nisichokitaja. Nilifika mapema, nikaweka kadi yangu kwenye boksi, nikakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka jua likaanza kutuchoma miguu. Tulikuwa tunasogea kwa makalio, mmoja akiingia wote tunasogea. Nilipoingia, kijana aliyevaa koti jeupe alinichukulia kipimo kwenye kidole cha mkono, akatazama mashine, akasema, "Una sukari, mama. Punguza ugali, wali, soda. Fanya mazoezi. Unaweza kukimbia?"

"Naweza."

"Basi kimbia."

Nikamwambia jambo moja zaidi. Nikamwambia nyayo zangu siku hizi ni kama nimevaa soksi hata nikiwa peku. Hakuandika. Nikamuuliza nikimbie na viatu gani. Akacheka, cheko zuri tu la kijana asiye na ubaya, akasema, "Vyovyote, mama. Unakwenda kukimbia, huendi harusini."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko jina langu. Asingehitaji dakika mbili kunivua viatu na kunitazama miguu. Benchi zima nje lilikuwa na watu wa sukari, na kwa muda wote niliokaa pale sikuona mmoja aliyevuliwa viatu.

Kwetu Pangani, nasema hii Pangani ya Kibaha, kuna kikundi cha wanawake wanaokimbia kila Jumamosi alfajiri. Tuko ishirini na wanane. Wako walimu, wauguzi wastaafu, wenye maduka, na sisi watu wa maofisini. Mwenyekiti ni Mama Doreen, mtu wa Bukoba, mrefu, sauti yake inasikika toka barabarani mpaka jikoni kwako. Ndiye alianzisha nyimbo, ndiye anapanga foleni, ndiye anajua nani hajafika na kwa nini. Niliingia mwezi wa pili. Nilimwambia yeye peke yake kwamba nimekutwa na sukari. Akaniambia, "Utapona, dada. Hapa tunakimbiza kila kitu."

Sasa, sisi hatujui kufanya jambo watu kumi bila sare. Harusi ina sare, arobaini ina sare, hata kumpokea mtu aliyetoka kujifungua tunaulizana tuvae rangi gani. Kikundi kilikuwa na fulana za sare, na mwezi huohuo Mama Doreen akaandika kwenye kundi la simu: "Wapendwa, tunakwenda Kisarawe kukimbia na vikundi vingine. Hatutakwenda kila mtu na raba yake kama wahamiaji. Raba ni pinki, soli nyeupe, ndizo zinazovaliwa na kila mtu sasa. Leteni namba zenu kabla ya Alhamisi."

Niliandika arobaini. Ushahidi ninao, ujumbe uko kwenye simu mpaka leo.

Jumatano iliyofuata tuliitwa nyumbani kwake kuchukua. Mifuko ilikuwa imepangwa ukutani. Alinipa wangu, nikageuza raba nikaona thelathini na tisa.

"Mwenyekiti, mimi niliandika arobaini."

"Arobaini hazipo. Yule wa Kariakoo anauza kwa jumla, anachanganya mwenyewe. Amesema za kike zinaishia thelathini na tisa, ukitaka zaidi chukua za kiume. Sasa utavaa nyeusi peke yako kwenye picha? Hebu vaa. Zinalegea hizi."

Nikavaa. Ziliingia. Wanawake wamesimama, wananitazama, mmoja anapiga picha. Mama Doreen akainama akabonyeza mbele kwa kidole gumba.

"Inakubana?"

"Haibani."

Nilisema kweli, na ndiyo maana nimeiandika sentensi hiyo peke yake. Haikunibana. Mguu uliokufa ganzi haubanwi na kitu. Ungeweza kuniweka kwenye raba ya mtoto nikakujibu vilevile. Swali ambalo kila muuza viatu nchi hii anauliza, na kila mama anamuuliza mwanawe, kwa mtu mwenye sukari halina maana yoyote, na hakuna aliyeniambia.

Jumamosi ya kwanza ya Machi tulikwenda Kisarawe kwa basi la kukodi. Kisarawe ina vilima, si kama kwetu. Tulikimbia toka mjini tukashuka, tukapanda, mvua ya rasharasha ikatulowesha, tukaimba. Nilifurahi siku ile, na sitaki kudanganya katika hilo. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na nilipanda kilima bila kusimama. Picha ipo: ishirini na wanane, pinki mstari mzima, mimi wa nne kutoka kushoto nimenyanyua mikono. Nikiitazama sasa naangalia mguu wa kulia tu.

Wenzangu walirudi Kibaha. Mimi nikaunganisha kwenda Kurui kumwona mama yangu, kwa sababu nilikuwa nimeshafika wilaya yake na yeye ni mtu mzima anayeishi na shamba lake. Nilifika alasiri. Alikuwa ameshafagia baraza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Ndiyo nini hayo miguuni, maua?"

Tulicheka. Nilivua raba mlangoni, nikaingia na soksi, nikatoka, nikaingia tena kuchukua maji. Nilipokaa, mama akawa anatazama chini.

"Mwanahamisi, nani kamwaga juisi barazani kwangu?"

Alama zilianza mlangoni. Zilikwenda mpaka kwenye mtungi, zikarudi, zikaishia nilipokaa. Nilivua soksi. Kidole kidogo kilikuwa kimechunika chote upande wa nje, nyama wazi, na kucha imeinuka. Nilikibonyeza. Sikusikia kitu. Niliogopa zaidi kwa kutosikia kuliko ambavyo ningeogopa maumivu.

Mama alifanya anachojua, ambacho ndicho alichofanyiwa na mama yake: akachemsha maji, akatia chumvi, akaleta beseni. Nikazamisha mguu.

"Moto?"

"Hapana, mama. Ongeza kidogo."

Akaongeza. Nikamwambia aongeze tena. Yeye alikuwa anamimina kwa kopo lenye mpini, hakutia mkono. Asubuhi ngozi ya unyayo ilikuwa imeinuka kama ya nyanya iliyochovywa kwenye maji ya moto. Mama alikaa chini akashika kichwa. Alisema, "Mbona hukusema?" Nikamwambia, "Mbona sikusikia."

Simlaumu. Lakini wewe unayesoma, weka hili mahali: mguu wenye ganzi hauingii kwenye maji mpaka mtu mwingine, mwenye ngozi inayosikia, ameyashika kwa mkono wake.

Nyumbani Baba Rehema hakulipokea vizuri. Alisimama mlangoni akautazama mguu, akasema, "Mama yako kakuchemsha kama muhogo."

"Usimtaje mama yangu."

"Basi nimtaje nani? Si ulitaka kukimbia na wasichana? Mtu mzima anatembea, hakimbii."

Hatukuzungumza siku nne. Katika siku hizo nne nilifanya ujinga wangu mwenyewe, na hasira ya sehemu hii ni yangu kwangu. Nilikwenda duka la dawa badala ya hospitali. Muuzaji alinipa kapsuli, akaniambia nizifungue nimwagie ule unga kwenye kidonda. Nilimwagia wiki nne. Unga ulifanya gamba zuri la manjano, na mimi nikaamini kinakauka. Nilikwenda kazini na viatu vya kufunika ili wasione. Nilitawadha mara tano kwa siku, mguu wangu ukipita mbele ya macho yangu mara tano kwa siku, na kila mara niliupangusa juu juu haraka haraka kwa kuogopa kulowesha bandeji, bila kuutazama kati ya vidole kama nilivyofundishwa madrasa tangu nina miaka sita.

Aliyegundua ni Rehema, mwanangu, ambaye anasoma chuo na alikuwa likizo. Alituambia, "Kuna panya amekufa chini ya kabati la sebuleni." Baba yake akaja, wakalisogeza kabati. Hakuna kitu. Wakasogeza kochi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pili naangalia taarifa ya habari, miguu nimeinyoosha. Rehema akasimama katikati ya chumba akavuta pumzi, akageuka, akanitazama. Alipiga magoti akafungua bandeji, halafu akatoka nje, nikamsikia anatapika kwenye migomba.

Hospitali sasa. Mtu anayejua sura za watu anajua kwamba kuna namna wauguzi wanavyoacha kutaniana. Waliacha walipofungua. Daktari alikuwa mwanamke, mfupi, mkavu wa maneno, na namshukuru kwa ukavu ule.

"Kidole hiki kimekufa. Tunakikata leo."

"Na mguu?"

"Mguu sijui. Tunakata kidole ili tuupiganie mguu. Ukinivusha wiki sita bila uozo kupanda juu, utabaki nao."

Baba Rehema aliweka sahihi. Alipomaliza akasema kwa sauti ndogo, "Mpeni dawa asisikie." Daktari akamjibu, "Tatizo lake ni hilo, hasikii."

Kuanzia hapo nilihesabu siku kwa kusafishwa kidonda. Kila baada ya siku moja, wiki sita, na wiki sita zikawa kumi na moja. Masika yalikuwa yananyesha bila huruma. Njia ya kwetu ilikuwa tope, na mguu haukutakiwa kulowa, kwa hiyo dereva wa bajaji aliingia mpaka barazani, tairi la mbele juu ya sakafu ya "mke wangu", kama alivyopenda kuniita kwa utani, na mimi nikapanda bila kukanyaga ardhi. Hakuniongezea nauli hata siku moja. Nimemwona mtu huyo akigombana na abiria kwa shilingi mia mbili.

Benchi la kusubiri kusafishwa ni refu, la mbao, limepakana na ukuta wenye alama za mafuta ya vichwa vya watu. Kila mtu ameuweka mguu wake mbele kama mzigo anaousafirisha. Nilikaa mara nyingi na mzee mmoja mkulima kutoka upande wa Mlandizi, aliyekatwa chini ya goti. Alinitazama siku ya kwanza akasema, "Wewe wamekutoza kidole, mimi wamenitoza mguu. Duka hili bei haina mpangilio." Nikacheka mpaka muuguzi akachungulia. Nilimuuliza yake ilianzaje. Akasema, mwiba. Alikanyaga mwiba shambani akatembea nao siku tisa. Mama mmoja jirani yake akasema yeye ni kandambili, kamba yake ilimkata. Kijana wa kike, mwalimu, akasema kiatu kipya cha mahafali. Nilizunguka benchi zima kwa wiki kadhaa nikiuliza swali moja, maana sijui kukaa bure. Sikusikia hata mmoja aliyeniambia kwamba kabla ya kidonda aliwahi kuelekezwa kiatu gani avae. Wote walielekezwa kula nini.

Sista Nuru ndiye alikuwa akinisafisha. Kila mara alipomaliza nilimuuliza, "Mguu?" na kila mara alinijibu neno moja, "Upo." Hakusema unapona. Wiki ya tano kidonda kilirudi nyuma, pembezoni pakawa peusi, na alipomaliza nikamuuliza, akafunga tu bandeji polepole. Wakanipiga picha ya mfupa. Tulisubiri majibu siku mbili. Siku hizo mbili Baba Rehema alinichotea maji ya kuoga, akayatia mkono mwenyewe mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo muda, ndipo akaniambia, "Oga." Hatukuwahi kuombana msamaha. Ilitosha ile.

Mfupa ulikuwa salama. Sista Nuru akasema, "Upo," na safari hii alitabasamu.

Kidonda kilifunga kipupwe kilipoanza, asubuhi zikiwa na ubaridi. Ndipo nikarudi kwenye raba, kwa sababu sukari haikuondoka na daktari alitaka nitembee kila siku. Nisikilize vizuri hapa, wewe uliyeambiwa wiki hii.

Sista Nuru alinifundisha kitu ambacho hakina gharama. Chukua boksi, lile la kawaida la dukani, ulifungue likae bapa sakafuni. Usimame juu yake jioni, si asubuhi, maana jioni mguu umevimba. Mtu mwingine akuchore kwa kalamu iliyosimama wima, mguu mmoja mmoja, kisha ukate. Hicho kipande ndicho kinakwenda dukani. Kiingize ndani ya raba. Kikijikunja pembeni au mbele, rudisha, hata kama kila mtu dukani anasema umependeza. Mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa kidole gumba. Kisha ingiza mkono wako mpaka mwisho, upapase kila mshono. Mkono wako bado unasikia. Uache ufanye kazi ya mguu.

Nilizunguka na vipande vyangu viwili vya boksi Maili Moja na Kariakoo, na niliyoyaona ni haya. Kama ulicho nacho ni elfu ishirini, nenda kwenye mtumba na usione aibu, kwa sababu kule utapata raba iliyotengenezwa na mtu anayejua mguu ni nini. Lakini igeuze. Soli ikiwa imelika upande mmoja, hiyo imezoea mwendo wa mtu mwingine, na itakulazimisha uufuate. Bonyeza sponji ya kisigino kwa gumba; ikiwa ngumu kama tofali, imekufa kabla hujainunua. Ile soli laini ya ndani itoe uitupe, uweke nyingine, maana ina shimo la vidole vya mwenzako.

Kama una elfu arobaini au hamsini, utakutana na zile mpya, za rangi, zinazopendwa na kila mtu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Nyingi nilizoziweka mkononi zilikuwa nyembamba mbele kama ncha ya pasi, ndani zimebandikwa kitambaa juu ya kitu kigumu, na gundi inanuka. Ile yangu ilikuwa hii. Muuzaji mmoja nilimwonyesha boksi likijikunja ndani, akaniambia, "Mama, ya kike ndivyo ilivyo." Nikamuuliza ni mwanamke gani alimwona mwenye mguu wa namna hiyo. Akasema, "Wateja hawalalamiki." Nikaweka mguu wangu juu ya kiti chake cha plastiki, nikavua soksi. Wateja wawili waliondoka. Sikutaka kumharibia biashara. Nilitaka aone mteja asiyelalamika anavyokuwa.

Na kama una laki mbili, usidhani fedha inakulinda. Nilionyeshwa raba za laki mbili zilizokuwa ndugu wa tumbo moja na zile za elfu arobaini, isipokuwa boksi lake lilikuwa zuri. Unachonunua kwa fedha hiyo, ukibahatika, ni upana: wapo wanaotengeneza namba moja kwa mapana mbalimbali. Ulizia upana kabla ya rangi. Wakikushangaa, toka.

Mimi nilinunua raba ya kiume, ya kijivu, mtumba, namba arobaini na moja, elfu ishirini na mbili. Boksi lilikaa ndani likiwa limenyooka. Rehema alinitazama akasema, "Mama, hizo za baba."

"Za baba ni arobaini na tatu. Hizi ni za kwangu."

Siku ya kwanza nilizivaa nusu saa, nikazivua, nikatazama. Siku ya pili saa moja. Mpaka leo nikirudi navua na kutazama juu, chini, na kati ya vidole, kwa kioo cha kujipakia wanja nilichokiweka sakafuni.

Hadithi ingeishia hapa kama si ujumbe ulioingia kwenye kundi la simu mwezi wa nane: "Wapendwa, sare mpya ya mwisho wa mwaka. Raba za zambarau safari hii. Leteni namba." Chini yake mikono ya pongezi, maua, ishirini na kitu.

Nilirekodi sauti. Sikupiga kelele, nilizungumza kama ninavyosoma barua ofisini. Nilisema niliandika arobaini nikapewa thelathini na tisa ili picha ipendeze. Nilisema Mwenyekiti alijua nina sukari. Nilisema wakati nimelazwa aliandika humu kwamba "mwenzetu ameumia kidole", kana kwamba nilijikwaa. Nilisema mtu yeyote atakayewapangia wanawake ishirini na wanane kiatu kimoja tena, mimi nitasimama mlangoni kwake siku ya kugawa na mguu wangu huu uko wazi. Nikatuma.

Jioni ya pili Mama Doreen akaja. Hakubisha hodi kwa ile sauti yake. Rehema alimkuta amesimama nje.

"Karibu," nikasema, na sikusimama.

Alikaa. Alikuwa amevaa zile za pinki. Nilidhani amekuja kunikasirisha, na nikaanza kupanga maneno. Akasema, "Mama Rehema, umenidhalilisha mbele ya watu."

"Wewe umenikata kidole."

"Sikujua."

"Nilikwambia nina sukari. Ulijua."

"Nilijua sukari. Sikujua miguu." Akatazama mlango, akaona Rehema amekwenda jikoni, akashusha sauti. "Mimi nina sukari mwaka wa nne. Hajui mtu. Hata Doreen hajui. Nani atamfuata mwenyekiti wa mazoezi mwenye sukari?"

Nilikasirika upya, vibaya kuliko mwanzo. Miaka minne. Alikuwa na kadi ileile, vidonge vilevile, nilipokaa mbele yake navaa namba ndogo, na alichonipa ni wimbo. Nilitaka kumwambia atoke. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Kuna mtu amewahi kukuangalia nyayo?" nikauliza badala yake.

"Nani aniangalie? Nakimbia kilomita kumi. Miguu yangu mizima."

"Vua."

"Mama Rehema."

"Vua hizo raba nyumbani kwangu."

Akavua. Nikamwambia aegemee kiti, afumbe macho, na kila nitakapomgusa kidole aseme "sasa", kama nilivyofanyiwa mimi hospitali, nilipokuwa nimeshachelewa. Akacheka kidogo, akasema mikono yangu isiwe ya baridi, akafumba. Nilipiga magoti. Nilianza na kidole gumba cha kulia, kwa ncha ya kidole changu, taratibu, nikaenda kwa kinachofuata, na kinachofuata, mpaka kile kidogo cha pembeni ambacho upande wake wa nje ulikuwa mwekundu na unang'aa. Nikahamia mguu wa kushoto, navyo nikavimaliza vyote vitano.

Mama Doreen alikuwa bado amefumba macho, uso umetulia, anasubiri.

"Haya, anza," akasema.